Bustani ya Jengo la Chuo: Anza na Maji ya Paa

Vikao vya ujenzi chuoni huanza kwa ubishi wa maua na ukoka. Mimi siku hizi naomba jambo moja kwanza: mvua ikinyesha, tutoke na miavuli tuzunguke jengo, tuone maji yanakotoka, yanakopita na yanakotuama. Mimea itafuata.

Mengi yanatoka juu. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 1,000 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 20,000, ukitoa kiasi kinachopotea njiani. Tangi la lita 5,000 pale kwenye kona litajaa mapema sana. Basi muulize mkandarasi: likishafurika, maji yanaelekea wapi? Mara nyingi jibu ni "mtaroni". Yaani tunayafukuza, halafu kiangazi tunalipia ya bomba.

Mimi huyapeleka kwenye bonde dogo la kuchimba, kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, lenye mimea inayovumilia maji mengi na ukame pia. Kabla ya kuchimba, jaribu udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakinywea lijaze tena, kisha tazama saa. Yakikaa zaidi ya siku mbili, hapo hapafai, utafuga mbu.

Udongo wa kando ya jengo jipya usiuamini. Malori yameushindilia, na chini kumefukiwa kifusi. Chomeka nondo: ikigoma juujuu tu, usinunue hata mche mmoja kabla ya kutifua kwa kina na kuchanganya mboji. Gharama hii hukwepwa kwa sababu haionekani kwenye picha za uzinduzi.

Ukoka ubaki pale watu wanapokaa au kucheza. Kwingine weka mimea ya asili ya eneo lenu na matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. (Njia ya mkato ya wanafunzi usiizibe kwa uzio, wataruka. Imwagie changarawe, maji yapenye.)

Na mtunza bustani aitwe wakati michoro bado ni ya penseli. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha maji ya viyoyozi yaliyokuwa yakidondoka ukutani mchana kutwa. Tuliyaunganishia bomba jembamba hadi kwenye pipa, na sasa ndiyo yanayomwagilia kitalu cha miche.