Nikikaa kimya mwaka ukianza naishia kulia, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi kila mwaka ukianza najiambia nitatafuta siku nitulie peke yangu niwaze maisha yangu yanaelekea wapi. Ila nikikaa dakika tano tu mkono ushaenda kwenye simu, na nikiizima ndo balaa, yanakuja yote ya mwaka ulioisha, kazi niliyoacha vibaya, dada yangu ambaye hatuongei mpaka leo, naishia kulia afu nanyanyuka nimechoka kuliko nilivyokaa. Nina tatizo au haya mambo si ya watu kama mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna tatizo, hilo naomba uliamini kwanza. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walitoa utafiti wao, walikuwa wanamuweka mtu chumbani peke yake bila simu bila kitabu, akae tu na mawazo yake. Wengi hawakupenda. Kwenye jaribio moja la dakika 15 wakamuachia mtu na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo alishaionja na akasema yuko tayari kutoa hela asipigwe tena, na bado wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, wanawake 6 kati ya 24. Kwa hiyo huo mkono wako unaokimbilia simu una wenzake wengi sana.

Sasa hilo la kulia ndo limenigusa. Naona unakaa kutafakari ila kinachofanyika ni kujisaga moyo, na vitu hivi vinafanana mpaka mtu hajui kavuka saa ngapi. Dalili yake ni swali la "kwa nini". Kwa nini nilimjibu vile, kwa nini mi niko hivi, linazunguka palepale na halina jibu, linataka tu ukubali kwamba we mbaya. Ukijikuta hapo badilisha swali, jiulize "nini". Nataka nini kitokee kati yangu na dada? Ni nini kimoja naweza kufanya wiki hii? Na kingine, jiite jina lako kabisa, ongea na nafsi yako kama unaongea na rafiki aliyekuja kwako analia. Utaona kama mchezo lakini Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walilipima, matokeo yakatoka hiyohiyo 2014, na wanaojisemesha kwa jina lao walihimili msongo vizuri kuliko wanaosema "mimi, mimi". Ukijiita jina unajitazama kwa mbali kidogo, na ukiwa mbali unaona hata huruma unayostahili, ambayo nadhani we hujajipa muda mrefu.

Afu usikae mikono mitupu. Chukua daftari, pitia picha za kwenye simu mwezi mmoja mmoja, andika nini kilitokea, bila kujihukumu, ukimaliza simu iende chumba kingine. Moyo unashika yaliyouma, daftari litakukumbusha na ule mwezi ulipata nafuu, na yule mtu aliyekusaidia ukamsahau. Dakika 15 zinatosha kwa kuanzia, ukipenda rudi kesho.

Wala usione tarehe mosi imeshapita basi umechelewa. Tarehe yenyewe watu walikubaliana tu, Uingereza mwaka wao wa kisheria ulikuwa unaanza 25 Machi mpaka walipobadilisha, 1752 ndo ukaanzia Januari. Anza ukiwa tayari.

Kuhusu dada, mi ningemwandikia. Mistari miwili mitatu, usielezee nani alikosea, mwambie umemkumbuka.

Ila mwanangu, kilio kikiendelea wiki na wiki, usingizi hakuna, chakula hakipiti, hapo daftari weka pembeni umuone daktari au mshauri nasaha, tena usiende peke yako.

SWALI: Shangazi mimi nina watoto watatu wadogo, ukimya wenyewe nautoa wapi?

JIBU: Pole mama, najua. Watu wakisema utulivu wanawaza chumba kizima na asubuhi nzima, we huna, na mwaka huu pengine hutapata, kwa hiyo usiusubiri. Tembea. Ukitoka kwenda popote peke yako usiweke kitu masikioni, chukua swali moja tu utembee nalo mpaka ufike, na ukifika andika sentensi moja kabla hujaongea na mtu. Na mwambie mwenzio nyumbani wazi kabisa, "kesho jioni nusu saa watoto ni wako," usingoje aone mwenyewe kwamba umechoka. Akikuuliza unaenda kufanya nini, mwambie unaenda kukaa.