Paka wa sokoni anawaogopa wanangu, nimrudishe?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Mwezi uliopita tulimuokota paka jike pale soko la samaki, mguu umeumia, tukamuuguza akapona. Sasa watoto wakirudi tu kutoka chuo (madrasa) anakimbilia chini ya kitanda hatoki mpaka walale, na juzi huyu mdogo wa miaka minne alimvuta mkia amtoe akaparurwa mkono. Baba yao anasema nimrudishe alikotoka, mie roho inaniuma. Nifanyeje?

JIBU: Waleikum salaam dadangu. Kwanza huo mkono wa mtoto. Paka akiparura au aking'ata, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali waangalie kama anahitaji sindano, maana kichaa cha mbwa paka pia huwa nacho na kinaua. Kama hujampeleka mpeleke leo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Na paka naye achanjwe.

Sasa tuje kwa paka. Usimrudishe. Paka huzoea watu akiwa mchanga sana, kuanzia wiki ya 2 mpaka ya 7 hivi, sasa huyu kama wakati huo alikuwa chini ya meza za samaki anamwagiwa maji na kurushiwa mawe basi mtoto anayemjia mbio na makelele kwake ni hatari tu. Hawachukii wanao, anajiokoa, na makucha huyatoa pale anapoona njia ya kukimbia imezibwa. Kwa hiyo chini ya kitanda pawe pake, mtu asitie mkono kabisaa. Kama nyumba yenu ni ya zamani yenye vidaka ukutani mtandikie kitambaa kwenye kimoja cha juu, au juu ya kabati, paka akiwa juu anaona kila anayeingia na moyo unatulia.

Wale wakubwa wawili wakirudi chuo wakae mkekani wadurusu kwa sauti ya chini, wasimkodolee macho maana kwake hicho ni kitisho, waweke kipande cha samaki wa kuchemsha asiye na mwiba wala chumvi halafu wasogee mbali. Siku za kwanza hatatoka, mtamkuta samaki ameliwa usiku tu, na hiyo ni hatua. Mwengine huchukua wiki mbili, mwengine miezi. Akija kunusa vidole msimguse, ngojeni asugue shavu mwenyewe, ndo mumkune shavuni na chini ya kidevu, tumbo na mkia hapana.

Huyo mdogo asiachwe naye peke yake hata dakika moja, lakini usimfukuze pia, mpe kazi, yeye ndo awe wa kutia maji kwenye bakuli. Mfundishe kwamba masikio yakilala nyuma au mkia ukipigapiga, paka anasema niache. Na msimulie habari za Abu Huraira, sahaba wa Mtume, kwamba jina lake maana yake ni baba wa kipaka, wallahi hiyo itamuingia kuliko kumchapa.

Baba yao muombe miezi miwili. Ila paka akipitisha siku nzima bila kula kitu usiseme ni woga tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.