Ukiona Sindano Macho Yanaingia Giza: Kaza Misuli, Usiilegeze

Hofu nyingi hufanana mwilini. Ukikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mate yanakauka, damu inaondolewa kwenye ngozi na tumbo ipelekwe kwenye misuli. Ndiyo maana vidole vinakuwa baridi na tumbo linasokota. Mwili wa namna hiyo hauzimii kirahisi, uko tayari kukimbia.

Hofu ya sindano na damu ina njia yake. Huanza vilevile, kisha baada ya muda mfupi mambo yanageuka. Neva ya vagasi, yaani mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na tumbo, inapunguza mwendo wa moyo, mishipa ya damu inatanuka, damu inatuama miguuni na tumboni, ubongo unakosa ya kutosha. Hapo huja miayo, kijasho chembamba, kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuingia giza. Halafu mtu anaanguka.

Kwa hiyo kumwambia mtu huyu "tulia, legeza mwili, vuta pumzi nyingi" ni kumharakishia kuanguka, hata kama unamtakia mema. Misuli ikilegea, presha inazidi kushuka. Akipumua haraka haraka, kaboni dayoksaidi hupungua mwilini, mishipa ya ubongo inasinyaa na kizunguzungu kinazidi.

Anachohitaji ni kukaza misuli. Mbinu hii iliendelezwa na mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, katika miaka ya 1980, na haina gharama. Keti kitini. Kunja ngumi, kaza mikono, mapaja, matako na tumbo kwa pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto linapanda usoni. Joto hilo ndilo kipimo chako. Usipolihisi, hujakaza vya kutosha. Kisha achia, lakini misuli irudi katika hali yake ya kawaida tu, isilegee kama ya mtu anayetaka kulala. Kaa hivyo sekunde 20 hadi 30. Rudia mara 5. Fanya zoezi hili mara kadhaa kwa siku, wiki nzima kabla ya kwenda kutolewa damu, maana ukiwa na hofu hutakumbuka jambo ambalo mwili haujalizoea.

Wengi hukosea kwa kubana pumzi wanapokaza. Usifanye hivyo: damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na umeharibu kazi yote. Wengine hukaza uso, wakaishia kuumwa kichwa. Na mkono unaochomwa uache ulegee, la sivyo sindano itauma zaidi. Jizoeze nyumbani kukaza mwili wote isipokuwa mkono huo mmoja.

Siku yenyewe kunywa maji nusu lita kama robo saa kabla, na ule, isipokuwa kipimo kinakutaka ufunge. Mwambie muuguzi mapema kwamba huwa unazimia na uombe kulala kitandani. Tafadhali usione aibu. Anayeficha ndiye anayeangukia sakafu na kupasuka kichwa. Ukimaliza usinyanyuke ghafla.

Mtu akizimia, mlaze chali, inua miguu yake, legeza mkanda na kola. Kwa kawaida fahamu hurudi ndani ya dakika moja hivi. Mikono ikirukaruka kwa sekunde chache, usikimbilie kusema ni kifafa. Ubongo ukikosa damu huweza kufanya hivyo. Usimsimamishe, na usimtie maji mdomoni.

Mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au mimba amuulize daktari kabla ya kuanza zoezi hili. Na anayezimia akiwa anakimbia, akiwa amelala, au huku kifua kikimuuma, asisingizie sindano: aende hospitali apimwe moyo.