Maswali Yenu: Umeme, njano na beki wa mwisho

Swali: Mshambuliaji alibaki yeye na kipa, beki akamkwatua ndani ya kumi na nane. Refa akatoa penalti na kadi ya njano tu. Kwa nini yule beki hakula umeme, yaani kadi nyekundu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Yawezekana refa alikuwa sahihi. Zamani kuzima nafasi ya wazi ya bao ilikuwa nyekundu popote kosa lilipotokea, na timu ikaumia mara tatu: penalti, upungufu uwanjani, na mchezaji kukosa mechi inayofuata. Mwaka 2016 Sheria ya 12 ya soka, ile ya rafu na kadi, ililegezwa. Kosa likiwa ndani ya eneo la penalti, na beki alikuwa anaugombea mpira, adhabu ni penalti na njano. Akivuta jezi, akisukuma, au akiwa hana namna ya kuufikia mpira, ni nyekundu ileile. Na rafu hiyohiyo hatua moja nje ya mstari ni nyekundu hata kama aliuendea mpira, ndiyo maana utaona refa anakimbilia kuangalia mguu uligongwa wapi.

Utasikia pia kwamba "beki wa mwisho" akicheza rafu lazima ale nyekundu: hilo ni la watangazaji, kwenye sheria halimo. Refa anapima umbali hadi golini, mwelekeo wa shambulizi, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na walinzi waliobaki: wako wangapi na wamesimama wapi. Beki mwingine akiwepo lakini yuko pembeni, mita 20, hafiki, nafasi bado ni ya wazi. Mpira ukiwa unaelekea kwenye kibendera cha kona, nafasi hiyo haipo, hata kama nyuma amebaki kipa peke yake.

Swali: Aliyepata njano ndani ya dakika 120 za mchezo akipewa nyingine wakati wa mikwaju ya penalti, anatoka?

Jibu: Hatoki. Tangu 2022 njano za mchezo haziingii kwenye mikwaju. Akipata mbili ndani ya mikwaju yenyewe, hapo anatoka.

Swali: Imewahi kutokea mtu akapewa njano mbili na kuendelea kucheza?

Jibu: Kombe la Dunia, Stuttgart, 22 Juni 2006, Kroatia na Australia. Graham Poll wa Uingereza alimwonyesha Josip Šimunić njano dakika ya 61, akarudia ya 90, akamwacha uwanjani. Nyekundu ilitoka baada ya njano ya tatu. Kilichomponza ni kalamu: ile ya pili aliiandika kwa namba 3 wa Australia, na Šimunić naye alivaa 3 upande wa Kroatia. Karatasi ya refa ina safu mbili, moja kwa kila timu. Ukiandika namba sahihi kwenye safu isiyo yake, ukitazama karatasi yako utaona mchezaji hana kadi hiyo. Kwa hiyo waamuzi wa ngazi zote, hata wa ndondo, mechi za mtaani: angalia rangi ya jezi kwanza, kisha namba, andika dakika na kosa, na mwamuzi wa akiba aandike yake bila kunakili yako.