Kabla ya kuandika "pata": somo la "get" kwa mtafsiri anayeanza

Mtafsiri mgeni akikutana na "get", mkono hukimbilia "pata". Mara chache hupatia, mara nyingi huharibu sentensi. Kamusi nayo haimwokoi, kwani maana zimepangwa safu kwa safu na aliyechoka huchukua ya kwanza. Dawa ni kuliacha neno lenyewe na kutazama kinacholifuata.

Ikifuata nomino, "pata" ina haki ya kufikiriwa, lakini haina haki ya kushinda kila mara. "I got your letter" ni nimepokea barua yako. "Get me some water" ni niletee maji. "The police got him" ni polisi wamemkamata. "Can you get the phone?" haisemwi kwa simu iliyopotea: simu inaita, na mtu anaombwa aipokee. "I don't get it" ni sielewi, basi.

Kikifuata kivumishi, hali fulani inabadilika, na hapa ndipo Kiswahili kina utajiri ambao wageni huusahau. Kitenzi kimoja kinatosha: "get tired" ni choka, "get angry" kasirika, "get wet" lowa, "get old" zeeka, "get lost" potea. (Ikiwa ni amri, "Get lost!" ni potelea mbali, wala hakuna aliyepotea njia.) "It's getting dark" ni giza linaingia. Ukiandika "inakuwa giza" utaeleweka, ila msomaji atajua mara moja kwamba anasoma tafsiri.

Hapohapo kuna mtego kwa anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza. "Get" ya kubadilika hali haikubali nomino. "She became a doctor" ni amekuwa daktari. "She got a doctor" ni amemleta daktari, huenda kuna mgonjwa ndani.

Kikifuata kitenzi cha kutendwa, tumia kauli ya kutendwa: "he got robbed" ni aliibiwa. Tofauti yake na "he was robbed" ni ndogo. Ile ya "get" ni ya mazungumzo zaidi, na hupenda matukio, hasa ya bahati mbaya au ya ghafla. Haifai kwa hali iliyotulia, kwa hiyo usiandike "the answer got known by everyone".

Ndoa inahitaji uangalifu wa peke yake. Kiswahili kina kuoa na kuolewa. Kiingereza kina "get married" kwa wote wawili, nawe ukitafsiri lazima ujue nani ni nani. Ukirudi upande wa pili, "na" ya "aliolewa na Juma" huwavuta wengi kuandika "she was married by Juma". Maana inayosomeka ni kwamba Juma ndiye aliyefungisha ndoa! Andika "she got married to Juma".

Muundo wa kitu kikitangulia kitenzi, kama "I got my phone repaired", una mtu wa tatu asiyetajwa, yaani fundi. Kauli ya kutendewa inambeba bila kumtaja: nilitengenezewa simu. Vivyo hivyo "I got my hair cut" ni nilinyolewa. Ukiandika "I cut my hair", anayekusoma anaweza kudhani mkasi ulikuwa mkononi mwako. Na akitajwa mtu kisha "to" na kitenzi, kama "I got him to apologise", kuna ushawishi au msukumo: nilimshawishi aombe radhi.

"Have got" ndiyo inayowaangusha hata waliosoma sana. Umbo linafanana na wakati uliopita, lakini maana ni ya sasa. "I've got two brothers" ni nina kaka wawili, si nimepata kaka wawili. "I've got to go" ni lazima niende. Wamarekani wana "gotten" inayosaidia kutenganisha: "she's gotten a car" ni amepata gari, "she's got a car" ni ana gari. Waingereza wa leo hutumia "got" kwa zote mbili, kwa hiyo soma sentensi ya kabla na ya baada kabla hujaamua.

"Pata" yetu nayo hutoka nje ya mipaka. Nilipata ajali ni "I had an accident". Alipata mtoto ni "she had a baby". "Aliyepata kuwa waziri" ni mtu aliyewahi kuwa waziri, hivyo "who once was" inatosha. "Get to" ya Kiingereza ni kupata nafasi: "we didn't get to see the lake" ni hatukupata nafasi ya kuliona ziwa.

Vyombo vya usafiri: Kiswahili kina panda na shuka kwa vyote. Kiingereza kinasema "get on" na "get off" kwa basi, treni na ndege, lakini "get in" na "get out of" kwa gari dogo na teksi. Kipimo rahisi: kama unaweza kusimama na kutembea ndani, ni "on".

Kwenye ripoti na maandishi ya kitaaluma, "get" hupunguzwa, lakini usibadilishe kwa kufumba macho. "Receive" ni ya kupokea kilichotumwa au kutolewa: barua, msaada, hata majeraha. "Obtain" ina juhudi au utaratibu ndani yake: kibali, leseni, takwimu. "Acquire" ni ya kinachojengeka au kumilikiwa, kama lugha, ujuzi au kampuni. "Earn" ni ya jasho: mshahara, heshima. Mafua hayaingii popote hapo. "I obtained a cold" itachekesha ofisi nzima. Sema "I caught a cold", au uiache "got" ibaki palepale.