Stika ya bei kwenye jalada la santuri

Ndugu yangu, umeuliza stika iliyong'ang'ania jalada la santuri ya mtumba itatokaje bila kuchuna picha. Kwanza toa santuri uiweke mbali, maana joto huipinda. Pasha stika kwa draya ya nywele, joto la wastani. Inua pembe kwa ukucha, uivute polepole ikiwa imelalia jalada, usiivute kwenda juu. Ikigoma, pasha tena. Haraka ndiyo inayochana karatasi. Gundi iliyobaki isugue kwa kidole mpaka ijiviringe vipunje. Mafuta ya kupikia usiyaguse kabisa! Jalada lisilo na nailoni huyanywa, na doa halitoki. Na kama ni santuri ya zamani ya 78 (inayozunguka mara 78 kwa dakika), usiipake spiriti: huyeyusha shelaki iliyotumika kuitengeneza.