Barua kwa mwanangu: huyo farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma

Lubumbashi, mwisho wa Oktoba

Mwanangu, mama yangu, maana jina ulilobeba ni la mama,

Yambo. Sisi hapa tuko wazima, ila joto linatutesa na mvua bado inatuzungusha. Ujumbe wako nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena mama yako alipotoka. Unasema farasi wa miaka minne uliyekabidhiwa huko shambani, njia ya Kasenga, ni mpole ndani ya uwanja, lakini ukimtoa nje ya lango peke yake anagoma na kusimama kwa miguu ya nyuma, na mara ya mwisho alipanda juu hadi ukamkumbatia shingo. Patroni anataka umtie lijamu kali zaidi, kile chuma cha mdomoni. Wenzako wanakuambia umvunjie chupa ya maji kichwani, adhani ni damu yake, aogope. Unaniuliza ufuate lipi.

Usifuate hata moja. Na kesho usimpande.

Sisemi usimpande tena. Nasema usimpande kabla hujamtazama mwili mzima. Farasi akipinduka chali anakuja na kilo 400 au 500, na wewe ndiwe uliye chini yake. Kwa hiyo acha kwanza habari ya ukaidi. Hilo ni neno la watu wanaotazama wakiwa wamesimama chini.

Umri wake tu unanifanya nishuku mdomo. Farasi hubadilisha meno 24 ya utoto, kuanzia miaka miwili na nusu hivi hadi anapokaribia mitano. Huyo wako yuko katikati ya kazi hiyo: jino la zamani linaning'inia, jipya linasukuma, fizi imevimba, na juu ya hayo unamwekea chuma. Dume naye, hata aliyehasiwa, huota meno ya pembeni umri huohuo. Tena kuna kale kajino kadogo kanakoota mbele kidogo ya magego ya juu, mahali lijamu inapogusa. Si farasi wote wanako, lakini mwenye nako anaweza kuteseka kila ukivuta hatamu. Mwiteni daktari wa mifugo apapase ndani. Wewe usitie vidole huko, magego yatakukata. Kazi yako ni kutazama pembe za midomo na ulimi kama kuna vidonda.

Halafu tandiko. Kama ni lilelile alilovalishwa akiwa na miaka mitatu, haliwezi kumkaa leo, mgongo wake umebadilika. Tena tuko mwisho wa kiangazi, majani yamekauka, farasi wengi wamepungua nyama, na tandiko linashuka kukaa juu ya mfupa wa mabega. Pitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, taratibu. Akizamisha mgongo au akigeuza kichwa kutaka kukuuma, amekujibu. Mvua zikianza tafuteni pia kupe, chini ya mkanda wa tumbo na ndani ya masikio. Kupe sikioni anatosha kumfanya farasi arushe kichwa kila ukishika hatamu.

Chakula nacho. Najua patroni wako anapenda farasi wanaong'aa, kwa hiyo ndoo ya mahindi na pumba haikosi. Farasi kijana anayekula nafaka nyingi na kulala zizini tangu jioni hadi asubuhi, akitolewa ni lazima azitumie nguvu hizo mahali fulani. Kuwafungia usiku ni sawa, hasa mvua zikija, kwa sababu vidudu vinavyoleta ule ugonjwa wa farasi unaoua haraka huruka kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Lakini basi asubuhi mwachie kwanza atembee na wenzake malishoni, ndipo umtie tandiko. Na asipandwe tumbo likiwa tupu: tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile. Mpe majani makavu kidogo kabla ya kazi.

Mwili ukiwa safi, ndipo tuseme habari ya lango.

Farasi hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma akiwa anakwenda mbele kwa nguvu. Ni lazima kwanza apunguze mwendo, shingo ijikunje, uzito urudi nyuma, mabega yawe mepesi chini yako. Hapo ndipo wapandaji wengi wanapoharibu: wanampiga visigino, na papo hapo wanakaza hatamu kwa woga. Mguu unamwambia nenda, mkono unamwambia simama. Imebaki njia ya juu tu, anaichukua. Ndiyo sababu sitaki hiyo lijamu kali. Itamfunga mbele zaidi. Na ule mkanda wa kumvuta kichwa chini usiuguse kabisa. Farasi aliyeinuka anahitaji shingo yake ili asipinduke.

Ukisikia mabega yamekuwa mepesi, fungua mkono mmoja pembeni, mbali na shingo, mgeuze kwenye duara dogo, na mguu wa upande uleule usukume kiuno chake. Miguu ya nyuma ikipishana haina mahali imara pa kumwinulia. Akishatulia, mbele, papo hapo. Lakini akiwa amekwisha kupanda juu, usimgeuze, utamwangusha. Inama mbele, mikono mbele, legeza hatamu, shika nywele za shingo. Hatamu si kamba ya kujishikilia. Miguu iwe ncha tu ndani ya vikuku vya tandiko, ili ukiona anapinduka ujirushe pembeni. Usimpige akiwa juu. Akishuka, nenda mbele, hata hatua chache, na usimrudishe nyumbani wakati huo, maana atajifunza kwamba kusimama hivyo ndiko kunakomrudisha.

Kuna watu wa farasi wanaosema ukishuka umeshindwa. Mimi siwaamini. Ukiona hofu imekushinda, shuka, mshike kichwani, mpitishe mahali hapo kwa miguu yako, endeleeni mbali na nyumbani. Anachohesabu yeye ni upande mliokwenda, si mahali ulipokuwa umekaa.

Wiki za kwanza fanya kazi chini. Mfunge kamba mbili ndefu, utembee nyuma yake kwa pembeni, nje ya teke, umfundishe kwenda kwa sauti kabla ya kwenda kwa mguu. Mpitishe langoni hivyo, mara nyingi, bila mtu mgongoni. Kisha panda, lakini yule jike mzee uliyeniambia hashtuki na kitu atangulie. Baadaye waende sambamba, baadaye kijana atangulie, baadaye wapishane mbali kidogo. Usirudi kwa njia uliyotokea kama unaweza kuzunguka, kwa sababu farasi anajua haraka ni mti gani mnageuzia. Mkifika mbali, mwachie kichwa ale majani. Mkirudi, mfanyishe kazi kidogo uwanjani kabla ya kumvua tandiko. Pumziko liwe kule nje.

Na barabara kubwa iacheni. Asubuhi zinapita baiskeli zilizobeba magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, marefu kuliko mtu, pikipiki zinakuja kutoka nyuma, makamioni yanapiga honi. Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia, na baiskeli ya makala inatokea hukohuko nyuma. Piteni kati ya vichuguu, kwenye majani. Lami inateleza chini ya chuma cha kwato, na huo udongo wetu mwekundu ukinyeshewa si mahali pa farasi anayesimama kwa miguu miwili.

Kofia ngumu, na mkanda wake umefungwa kidevuni. Mtu mwingine awepo kila mara, na simu yenye umeme.

Mama yako anasema uache farasi, uje muuze naye nyanya. Nimemwambia nitakuandikia. Lakini upande huu nakubaliana naye: kama daktari hakuona kitu, mmefanya kazi ya chini kwa subira, na farasi bado anapanda juu hadi karibu kupinduka, mrudishie patroni hatamu mkononi. Atakasirika. Farasi anaweza kununua mwingine. Wewe sina pa kukununua. Akisema unaogopa, mwambie ni agizo la baba yako, aje anipigie mimi.

Nitumie picha kabla ya Jumapili: pembe za mdomo pande zote mbili, na tandiko likiwa mgongoni bila kitambaa chini yake, upige kutoka nyuma, kwa mbali, farasi akiwa amesimama sawasawa mahali tambarare. Uniambie pia analishwa ndoo ngapi kwa siku, na nani anapima.

Baba yako